Maziwa ya Karakana

Nikiona mtu akimpa fundi wa kuchomelea kikombe cha maziwa na kumwambia yatamsafisha kifua, natamani kukipokonya kikombe hicho na kukimwaga pale pale miguuni pake. Sijawahi kufanya hivyo kwa sababu nimelelewa, lakini mkono huwa unaniwasha. Wanaonijua hapa Kitengela hudhani nina ugomvi na maziwa. Sina. Nimekulia kwenye boma lenye ng'ombe wawili, na chai yangu naipenda ikiwa nzito. Ugomvi wangu ni na uongo fulani, na uongo wenyewe niliuandika kwa mkono wangu.

Karakana yetu ni banda kubwa la mabati ambalo wafadhili waliijengea jamii, ili mafundi tuliokuwa tumetapakaa kando ya barabara tupate mahali pa pamoja. Tulikuwa wanachama kumi na wawili. Mashine za kuchomelea zilikuwa mbili, grinda tatu, mashine moja ya kutoboa, na meza za chuma ambazo tulizitumia wawili wawili. Mwanamke nilikuwa peke yangu. Wakanichagua kuwa katibu, wakisema mwandiko wangu ni mzuri. Ukweli ni kwamba wenzangu hawakupenda kuandika, na mwenyekiti wetu alipenda kuongea, kwa hiyo alihitaji mtu wa kukimbizana na maneno yake.

Sasa nieleze habari ya moshi, maana bila hiyo hasira yangu haitaeleweka. Chuma cha kawaida, kile cheusi, ukikichomelea kinatoa moshi ambao ni mbaya kiasi chake. Lakini kuna chuma kilichovishwa zinki ili kisishike kutu, ambacho mafundi wote tunakiita GI. Hicho kikipata moto kinatoa moshi mweupe mzito, na ndani ya moshi vinaelea vitu vyepesi kama nyuzi za pamba. Mdomoni unasikia utamu wa ajabu, kama umelamba sarafu. Jioni, ukiwa umeshafika kwako na umekaa na watoto, baridi inakushika. Mifupa inauma, unatetemeka chini ya blanketi mbili. Asubuhi umepona. Basi watu wetu husema ni malaria ndogo, wanameza vidonge, na kwa kuwa wanaamka wazima wanaamini vidonge ndivyo vilivyowaponya.

Na GI huku Kajiado huwezi kuikwepa. Maji ni ya kutafuta, kwa hiyo matangi ni mengi. Ng'ombe ni wengi, kwa hiyo kila mwenye ranchi anataka geti la mabomba, hori la kunyweshea, na kile kijia chembamba cha vyuma cha kumbania ng'ombe akichanjwa. Wateja walitoka Isinya, walitoka Bisil, wengine mpaka Kimana, na wote walikuja na GI. Hakuna aliyetaka chuma cheusi ambacho kingeoza baada ya mvua mbili.

Pale chuoni nilikojifunzia kazi tulikuwa na mwalimu mmoja mkali, mtu asiyejua kubembeleza. Siku ya somo la zinki alituuliza nani amewahi kuambiwa kwamba maziwa yanatoa sumu kifuani. Mikono yote ikaenda juu. Akasema, "Maziwa yanaenda tumboni. Moshi unaenda kwa mapafu. Hizo ni nyumba mbili na hakuna mlango katikati." Halafu akatufundisha yanayofaa. Ondoa zinki kwanza kwa grinda pale unapotaka kuunga. Simama upepo ukupige mgongoni au ubavuni ili moshi uondoke usoni. Vaa barakoa yenye vichujio, si kitambaa. Na usiingie kuchomelea ndani ya kitu kilichofungwa bila hewa safi kusukumwa humo na bila mtu aliyesimama nje akikuangalia. Niliulizwa hayo kwenye mtihani na nikapata yote. Hilo nataka lijulikane mapema, nisije nikajificha nyuma ya ujinga.

Desturi ya maziwa ilikuwepo kabla ya karakana. Kila fundi wa kando ya barabara aliijua. Lakini ilikuwa ni mazungumzo tu, mtu anakunywa yake kama anayo. Iligeuka kuwa sheria siku ambayo wafadhili walituletea mgeni wa kukagua usalama. Kijana wa watu, viatu safi, karatasi mkononi. Aliangalia paa, akaangalia ukuta wa nyuma usio na hata dirisha moja, akauliza moshi unatokea wapi. Tulikuwa tumeahidiwa feni kubwa ya kuvuta moshi, na mwenyekiti alikuwa ameibadilisha, akaomba badala yake kibao kikubwa cha jina la karakana kwa sababu kibao kinaonekana kutoka barabarani. Sasa hakutaka kusema hivyo. Akacheka, akamshika mgeni bega, akasema, "Sisi hapa tuko na njia yetu ya kienyeji. Kila fundi anakunywa maziwa freshi kabla ya GI na baada ya GI. Tangu tuanze hakuna mtu ameugua."

Mgeni alifurahi kweli. Alisema ni jambo zuri jamii kutumia ujuzi wake yenyewe. Akaomba iandikwe kama kanuni na ibandikwe ukutani. Mwenyekiti akanigeukia, "Katibu, andika." Nami nikaandika. Kanuni ya saba: kila fundi anayechomelea chuma cha zinki atapewa maziwa kikombe kimoja kabla ya kazi na kimoja baada ya kazi. Nikaiandika kwa herufi kubwa na kalamu nene, mgeni akaipiga picha. Nilikuwa na mdomo siku ile, haukuwa umeshonwa. Niliona tu mwenyekiti ananitazama, nikaona wenzangu wanatingisha vichwa, nikajiambia maziwa hayamdhuru mtu.

Huyo ndiye mimi ninayewakasirikia wengine.

Mwenzangu wa meza alikuwa Mmaasai wa upande wa Bisil, mtu wa umri wangu, mrefu, mpole, mwenye utani wa kunong'ona. Alichunga mifugo mpaka akawa kijana, halafu ukame ukamaliza mifugo ya baba yake, akajifunza kuchomelea kwa kukaa na kuangalia. Hakupita chuoni. Mikono yake ilikuwa mizuri kuliko yangu, nasema bila wivu. Alikuwa akiunga bomba mpaka ukipitisha kidole huhisi pa kuunga. Kazi nyingi za GI zilikwenda kwake, kwa sababu wenye mifugo walipenda kumweleza mambo yao kwa Kimaa. Mimi nilifanya grili za madirisha na milango karibu na lango, ambako kuna mwanga.

Maziwa yaliletwa na mke wake. Mwenyekiti alisema afadhali faida ibaki nyumbani, na kwa hilo sikuwa na neno. Mama huyo alikamua alfajiri kwao, ng'ambo ya Isinya, akayachuja, akayachemsha, akafika Kitengela tunapofungua. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alinisalimu "Takwenya," nikamjibu "Iko," akaweka dumu lake mezani, na kabla ya kuondoka alihakikisha mume wake amekunywa cha kwanza. Alisimama pale mpaka amalize. Wanaume walimtania mwenzangu, wakamwambia yeye ni ndama anayenyonyeshwa. Yeye alimaliza kikombe, akapangusa mdomo, akasema, "Nyinyi wote mnakunywa maziwa ya bibi yangu, basi nyinyi wote ni ndama."

Mama yule aliamini. Kwa nini asiamini? Kanuni ilikuwa ukutani, na mtoto wake wa shule alimsomea. Aliamini kwamba kile anachobeba kila asubuhi ndicho kinachomrudisha mumewe nyumbani akiwa mzima. Wakati mwingine mwenzangu alitetemeka jioni, na mke wake alimwongezea maziwa, na asubuhi mwanaume akaamka vizuri. Ushahidi gani mwingine ungemtosha?

Mwaka ule kiangazi kilitukausha. Bei ya maji ikawa kila mtu anaiimba, na malori ya kuuza maji yakawa yanapita mchana kutwa. Asubuhi moja likaingia lori moja, tangi lake linavuja kwenye mshono wa chini. Tangi la mabati ya zinki, limefungwa pande zote, juu lina mlango wa duara ambao mtu mnene hapiti. Mwenye lori alikuwa amewajaribu mafundi wa nje, wakaziba kwa nje, ikavuja tena. Alitaka lizibwe kwa ndani na alitaka leo, wateja wanamngoja.

Mwenzangu alizunguka tangi, akaligonga gonga, akasema itabidi aingie. Mwenyekiti alikuwepo. Nilikuwepo. Nilisema, na hili nalikumbuka vizuri, "Humo ndani hakuna hewa." Mwenyekiti akasema mlango utaachwa wazi. Nikasema angalau tupige grinda kwanza zinki itoke. Akasema mshono ni mrefu, tutamaliza kesho kutwa, na mwenye lori atalipeleka kwingine. Kisha akamwambia mwenzangu, "Leo utakunywa mbili mbili."

Mke wake alichelewa siku hiyo. Alifika jua limeshapanda, vumbi mpaka kwenye kope, dumu lake kwapani. Mume alikunywa vikombe viwili akiwa amesimama. Mama akatazama tangi, akatazama ule mlango wa juu, akauliza kwa Kimaa, na mume akamjibu kitu kilichomfanya atabasamu. Kisha mama akaondoka kwenda sokoni.

Mwenzangu alipoanza kuchomelea, moshi ulitoka juu ya tangi mweupe, mnene, ukapanda moja kwa moja kwa sababu upepo haukuwepo. Mimi nilikuwa na grili yangu langoni. Kila baada ya muda nilikwenda nikaligonga tangi kwa nyundo, yeye akajibu kwa kugonga ndani. Mara ya tatu nikamwita atoke apumzike. Akatoa kichwa, uso umetapakaa jasho, ndevu zimekuwa nyeupe kwa lile vumbi kama pamba, anakohoa.

"Toka kabisa," nikamwambia. "Hiyo kazi iache."

"Katibu, niko sawa. Nimekunywa."

Mwenyekiti akampandishia kikombe kingine. Mkono ukatoka, ukakichukua, ukakirudisha kitupu. Kisha akazama tena.

Nimelirudia neno hilo "nimekunywa" kichwani mwangu mara nyingi kuliko sala. Watu hunifariji kwamba maziwa hayakumdhuru. Yalimdhuru. Bila maziwa angeogopa. Kifua kilikuwa kimeshamwambia atoke, macho yalimwambia, kikohozi kilimwambia, mimi mwenyewe nilimwambia, na yeye akavidharau vyote kwa sababu alikuwa na vikombe vitatu tumboni na kanuni ya saba ukutani. Alimaliza mshono. Tangi lilijazwa maji pale pale, halikuvuja hata tone, na mwenye lori akaondoka akipiga honi ya shukrani.

Nyumbani alitetemeka, wakasema ni ile malaria ndogo. Akapewa vidonge na maziwa. Asubuhi hakupona. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi na hakuweza kumaliza sentensi. Jirani mwenye gari akawapeleka hospitali Kajiado mjini. Nilipofika mchana nilimkuta amelala nusu ameketi, mpira wa hewa puani, mbavu zinapanda na kushuka kana kwamba amekimbia kutoka Namanga. Daktari alikuwa msichana mdogo, macho mekundu kwa uchovu. Aliuliza, "Huyu alikuwa anavuta moshi gani?" Nikamweleza zinki, nikamweleza tangi. Akasema picha ya kifua imejaa madoa meupe pande zote mbili, mapafu yamechomeka, tungoje.

Mke wake alikuwa ameketi chini kwenye korido, mgongo ukutani, ingawa benchi lilikuwa tupu. Nikaketi karibu naye. Akasema, bila kunitazama, "Mama, jana niliweka maji."

Sikuelewa.

"Kwa maziwa. Ng'ombe hazina nyasi. Zilitoa kidogo sana. Nikaona nikileta kidogo mafundi hawatatoshana, nikaongeza maji. Ndio nilichelewa, nilikuwa natafuta maji. Hakuna mtu aliniona." Alifuta pua kwa shuka yake. "Alikunywa maji, si maziwa. Mimi ndiye nimemfanya hivi."

Hapo ndipo ningesema. Kulikuwa na korido tupu, na mwanamke mmoja, na sentensi moja fupi. Nilimshika mkono nikamwambia asijilaumu, Mungu yupo, tuombe. Nikampa maneno matupu mwanamke aliyehitaji ukweli, kwa sababu nilijua ukweli huo ukitoka utakuja na swali, na swali lile lilikuwa langu.

Aliishi. Nalisema mapema ili msomaji asikae roho juu kama tulivyokaa sisi. Alikaa hospitali wiki nyingi, akarudi kwao, lakini kifua hakikurudi. Anatembea kutoka mlangoni mpaka zizini na katikati kuna jiwe ambalo lazima aketi. Mashine hawezi kuishika tena.

Siku aliyotolewa hospitali mwenyekiti aliitisha mkutano. Nilidhani tutaongea juu ya feni. Nilikuwa nimekwenda na karatasi yangu, nimeandika yote ya mwalimu, nimejiandaa. Mwenyekiti alisimama, akatoa pole ndefu, kisha akasema amefanya uchunguzi wake. Mke wa mwenzetu, alisema, amekiri mwenyewe hospitalini, mbele ya mama mkwe wake, kwamba maziwa ya siku ile alikuwa ameyachanganya na maji. "Kwa hivyo kanuni yetu haikuwa na shida. Shida ilikuwa ni maziwa." Akapendekeza tutafute mtu mwingine wa kutuletea, na yawe yanapimwa.

Na wakatingisha vichwa. Watu wazima, wenye watoto, wenye kifua kimoja kimoja, wakatingisha vichwa. Mmoja akasema siku hizi wauzaji wa maziwa hawaaminiki.

Niliikunja karatasi yangu. Nikasimama. Nikasema hata yangekuwa maziwa ya ng'ombe wa mbinguni yasingesaidia kitu, kwamba tulimtia mtu kwenye debe la sumu na kumnyweshea hapo juu kama ndama, na kwamba kumsingizia mke wake ni unyama. Sikutumia lugha ya mikutano. Mwenyekiti aliningoja nimalize, akaketi vizuri, akauliza kwa upole ambao mpaka leo ukinijia nakunja ngumi:

"Katibu, nani aliandika kanuni ya saba?"

Akaionyesha kwa kidole pale ukutani.

"Wewe ndio ulienda college," akaendelea. "Sisi wengine tumejifunza kwa barabara. Kama ulijua, mbona hukusema? Na kama unataka tuseme sasa, wafadhili watafunga hii karakana, na watauliza ni mwandiko wa nani uko hapo kwa ukuta."

Nilikwenda pale ukutani nikaibandua ile karatasi. Ilikuwa imegandishwa vibaya, ikatoka vipande vipande na rangi ya ukuta. Nikamwambia atafute katibu mwingine. Nilichukua nyundo yangu na kofia yangu ya kuchomelea nikatoka. Nilijiona shujaa mpaka nilipofika stendi, halafu nikakumbuka kwamba habari ya maziwa yenye maji imeshatangulia kwenda Isinya, na huko hakuna karatasi ya kubandua.

Nilikaa siku nne kabla ya kwenda huko. Sitadanganya kwamba nilikuwa na kazi.

Nilimkuta mwenzangu ameketi nje kwenye kivuli cha nyumba, amekonda, shuka limemzidi mabega. Alifurahi kuniona na furaha yenyewe ikamletea kikohozi. Mke wake alikuwa nyuma akifua. Alinisalimu, akaniletea kiti, akapotea jikoni. Nikaona mambo ambayo mgeni huyaona haraka. Chai ililetwa na shemeji, si yeye. Maziwa ya mgonjwa yaliletwa na mama mkwe, mwanamke mzee ambaye wote walimwita Koko, akayamimina mwenyewe kutoka kwenye kibuyu chake mwenyewe. Mke alipopita na ndoo, Koko alikisogeza kibuyu upande wa pili.

Nilimwuliza mwenzangu kwa sauti ya chini. Akatazama ardhi. "Mama amemkataza kugusa maziwa yangu," alisema. "Kukamua pia amemkataza. Anasema mkono wake uko na maji." Alipumua mara tatu kabla ya kuendelea. "Mimi nimesema si kosa lake. Lakini nikiulizwa basi ni kosa la nini, sijui niseme nini."

Yaani hata yeye. Hata yeye, mwenye mapafu yaliyochomeka, hakujua ni nini kilichomchoma.

Nikamwita mke wake. Alikuja akikausha mikono kwenye kanga, akasimama. Nikamwambia aketi, hakuketi. Nikasema, "Maziwa hayatoi moshi kwa kifua. Yawe na maji, yasiwe na maji. Hata ungeleta ya ng'ombe kumi. Yanaenda tumboni, hayafiki kwa mapafu. Ni moshi wa zinki ulimuumiza, kwa sababu tulimwacha aingie kwa tangi bila hewa. Wewe hukumfanyia kitu."

Alinitazama bila kupepesa. Sijui alisikia kitu gani kwanza.

"Sema tena," akasema.

Nikasema tena.

"Ngoja." Akaenda mpaka nyumba ya mama mkwe, nikasikia anaongea kwa nguvu, sauti ambayo sikuwahi kuisikia Kitengela. Akarudi na Koko, na shemeji, na wanawake wawili wa boma la jirani waliokuwa wamekuja kumwona mgonjwa. Akawaweka mbele yangu. "Sema tena. Mimi nitawaambia kwa Kimaa. Koko hasikii Kiswahili sana."

Nilisema kwa mara ya tatu, sentensi moja moja, na yeye akatafsiri moja moja. Nilikuwa namwangalia. Kila alipofika mahali pa kusema yeye hana kosa alilazimika kulitamka mwenyewe kwa kinywa chake mbele ya mama mkwe wake, na hakupunguza sauti. Nikasema kwamba jambo hili nililifundishwa chuoni zamani. Akasita. Akalitafsiri. Nikasema kwamba kanuni ya maziwa niliiandika mimi. Hapo alinitazama kama mtu aliyekutana nami leo, kisha akalitafsiri na hilo.

Mwenzangu alikuwa ameinamisha kichwa. Nilimsikia tu akivuta pumzi.

Koko hakukasirika, au kama alikasirika hakuonyesha. Alimtazama mkwe wake. Akakiokota kibuyu pale chini, akampa. Mke akakipokea, akakikumbatia kifuani kwa mikono yote miwili, akageuza uso. Kisha yule mzee akanigeukia na kuuliza swali fupi, kwa sauti ya kawaida tu, kama anayeuliza habari za njiani.

Hakuna aliyetafsiri. Nikamtazama mke. Alikuwa akilia sasa, kimya kimya.

"Anauliza kama na wewe ulikuwa unayanywa."

Kila asubuhi nilipokea kikombe changu kama wengine. Nilikuwa na kichupa cha plastiki kwenye mkoba, nikayamimina humo wakati hakuna anayeangalia, na jioni nikayapeleka kwangu. Barakoa yangu yenye vichujio nilikuwa nimejinunulia mwenyewe, na GI yangu kidogo niliichomelea nje ya lango, upepo ukinipiga mgongoni.

"Hapana," nikasema. "Nilikuwa napelekea watoto wangu kwa chai."

Alimtafsiria.